Neno la Ukurasa wa Nne

Karatasi ilifika Jumanne, imekunjwa mara tatu
ndani ya mfuko wa mbolea, isilowe ukungu.
Kiingereza kitupu. Tweve, mwenyekiti wetu,
akaiweka kando ya mashine yangu ya kopi:
"Binti, itie Kiswahili. Mkutano ni Ijumaa."
Akaniachia elfu kumi na lita ya ulanzi,
mtogwa wa asubuhi, ambao hadi jioni
ulikuwa umeshaanza kuwa mkali.

Neno moja lilikuwemo mara tisa.
Limekaa kati ya kampuni na bonde letu
kama abiria asiyesema anashukia wapi.

Nikaanza na mamlaka.
Nikalisoma kwa sauti, nikasikia mita ya maji ikizunguka,
nikaona kibao cha bluu, bili, fundi na koleo lake.
Mamlaka haina uso.
Ukiibishia inakutuma dirisha la pili.

Madaraka, basi? Hayo Tweve anayo:
koti la kuazima, miaka mitano, linampwaya mabegani,
na wenye koti wanakumbuka.
Nguvu ni greda lililoegeshwa Mafinga
likisubiri dizeli.
Amri haijui kuketi.
Idhini nikaikaribia, nikaiacha:
ni kichwa kilichoinamishwa
na mtu ambaye hakuulizwa vizuri.

Umeme ukakatika. Nikaandika kwa tochi ya simu,
baridi ya Juni ikinitafuna vidole,
nikajiuliza mimi, mwenye kalamu na elfu kumi,
nilichokuwa nacho usiku ule kinaitwaje.

Alfajiri nikashuka vinyunguni.
Sakitu imeunguza majani ya viazi.
Bi Sekinyaga ameinama mferejini,
jiwe amelikumbatia kama mtoto mzito.
Humfungulia Kihwelo mpaka jua liguse mianzi,
akafunga, akawafungulia wajane wa ng'ambo.
Hana saa. Hana daftari.
"Nani alikupa kazi hii?"
"Kupewa?" Akacheka, akajifuta tope kwenye khanga.
"Mama mkwe alinionyesha jiwe. Halafu akafa."

Hilo halina neno.
Au linalo, na hatujawahi kulihitaji.

Nikapanda kurudi, nikaandika ruhusa.
Mara zote tisa.
Nilifundisha chekechea miaka miwili, nalijua neno hili:
mtoto ananyoosha kidole, anatoka, anajisaidia,
anachezea panzi kidogo,
lakini darasani atarudi.

Ijumaa. Wakili wa kampuni, kijana mpole,
viatu vyake vimeshindwa na njia yetu.
"Dada, hapa umekosea. Kamusi inasema mamlaka."
"Kamusi haina kinyungu," nikasema,
sauti ikatoka ndogo kuliko nilivyoipanga.
Tweve akakohoa. Watu wakaitazama milingoti
kana kwamba imeota leo.

Akatoa kalamu nyekundu.
Akakata, akaandika juu, akakata, akaandika juu,
akihesabu kwa midomo.
"Tisa," akasema, akafunika kalamu.
Zilikuwa nane.
Sikusema. Hilo nalo sijui linaitwaje.

Watu wakapanga foleni ya saini.
Bi Sekinyaga hajui kusoma,
ila alikuwa amenitazama midomo nami nikihesabu.
Zamu yake ilipofika akaniinamia sikioni:
"Lililobaki liko wapi?"

Nikamfunulia ukurasa wa nne.
Akaupita mstari waliomchorea,
akachovya dole gumba kwenye wino
na kulikandamiza pale, ubavuni mwa ruhusa,
polepole, kwa uzito wote wa bega,
kama anavyolaza jiwe.