Ukurasa wa Shaame

Mimi Mkasi wa Ngwali,
karani wa serikali,
napika wino kwa wali,
ukoko ulounguwa.

Wafaume wa zamani,
kila mtu kitabuni
kurasa zake tisini
na mihuri imetiwa.

Wa Shaame ni mmoja,
na panya wameufuja;
leo naanza kutaja
maneno yasiyoliwa.

Ukoo wao wa Kozi:
yai juu ya minazi
likapasuka li wazi,
babu yao kuzaliwa.

Tangu hapo, hapa Tumbe,
akivishwa taji jumbe
mgongo humwasha, kumbe
humuota mbili mbawa.

Shaame, siku ya kiti,
akaketi, akaketi,
tukanywa na sharubati
hadi jua likatuwa.

Likamuota jioni
nyoya moja la begani,
la kuku, si la angani,
rangi yake ya maziwa.

Siwa ya pembe, azizi,
isotaka mpulizi,
ilikohoa kwa mwezi;
tukaipaka na dawa.

Mama yake, Bi Riziki,
akaiona ni dhiki;
usiku, hakuhamaki,
akamshonea njiwa.

Kila alipoinama
nyuzi hukatika nyuma,
na watoto husimama
wapate cha kugaiwa.

Kinywani hana "hapana".
Faki na Khatibu Mbwana
konde moja kugombana:
wote wawili wapewa.

Na wa tatu, mpitaji,
aliyeomba tu maji,
akatoka na mtaji:
ng'ombe na shamba la muwa.

Hazina ikawa tupu,
buibui na makapu;
walinzi walinywa supu
ya mifupa ya kupewa.

Radi akiisikia
uvunguni huingia,
paka kumkumbatia,
hadi mvua kuanuwa.

Waziri wake, Bakame,
kila kukicha aseme:
"Fanya kama mwanamume!"
Naye kashika upawa.

Alijua kila jungu,
lipi la wali, la dengu,
lipi la samaki changu,
na lipi halina kawa.

Mwaka wa tisa wa kiti
wakaja Wana wa Nyati,
mikuki mingi ja miti,
pwani yote kuzingiwa.

Bakame, mtaka vita,
usiku alitupita
kwa dirisha, akasota,
ushungi amefungiwa.

Shaame akatetema,
magoti yakimgoma;
langoni akasimama
na uji uliopowa:

"Mmekuja toka mbali.
Uji una pilipili,
kuna na tende, asali.
Kiti baadaye, sawa?"

Wakacheka hadi chozi,
wakanywa, wakala nazi,
wakabeba hata ngazi,
na kiti, na yetu siwa.

Siku ile mji wetu
haukumzika mtu,
ila kuku wa Bi Tatu,
wageni walochinjiwa.

Na bado tulimcheka,
mimi wa kwanza, kumbuka;
"Kuku" tulimuandika
kuta zote za kisiwa.

Kahamia Micheweni,
akisuka ukumbini;
kwa pesa mbili, sokoni,
akauza zake kawa.

Akaniuliza: "Mbwana
na Faki, wanapatana?"
Sikujibu. Nikaguna.
Mmoja keshauawa.

Muosha, Khatoro chongo,
ameapa, si uongo:
alipoosha mgongo
alizikunjuwa mbawa.

Zingali mbichi, na ute,
zikajaa chumba chote;
akazirudisha zote,
sandani zikafukiwa.

Khatoro, jicho li moja,
tembo hunywa bila hoja;
sikuandika kioja,
nisije nikachekewa.

Ila jana, kule ng'ambo,
wanasema, kuna jambo:
bila mtu, bila wimbo,
yakohoa tena siwa.

Nimepika wino tena.
Pembezoni nimeona
nafasi nyembamba sana
ya neno moja kutiwa.