Siku Mbili, Usiku Mmoja

Delfino ametandaza ramani juu ya meza ya jikoni,
ameibana kwa kopo la chumvi na kikombe changu,
maana ramani mpya, kama mtoto mchanga, hupenda kujikunja.
Nje, mvua imeishika Torino tangu Jumatatu.
Treni, anasema, ya saa moja na dakika ishirini asubuhi,
tutafika Genova kabla kahawa haijapoa tumboni.

Anaandika kwa penseli, herufi nene za fundi bomba:
kanisa lenye milia, jiwe jeusi, jiwe jeupe;
mnara wa taa; bandari;
samaki nyuma ya vioo (ghali mno, anaongeza,
anapiga mstari, kisha anaufuta mstari).
Tecla wa ghorofa ya tatu keshatuonya:
vichochoro vyembamba, mkoba uvaliwe kifuani,
wala tusithubutu kununua mkate karibu na stesheni.

Mtaka yote hukosa yote, namwambia.
Mtaka yote, anajibu, hulipa nauli mara moja.

Na goti langu je? Mji ule ni ngazi juu ya ngazi,
watu wanaishi juu ya mapaa ya wenzao.
Anakuna kichwa.
"Ipo lifti," nasema, "ya kupanda Castelletto.
Unaifuata handakini, ukutani vigae,
pananuka chuma na maji."

Penseli inasimama.
Miaka thelathini na minne ya ndoa
haijawahi kusimama hivyo.
"Harufu umeijuaje?"
"Nimesoma."
Kitabu gani kinanuka, hakuna anayesema.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja,
kiwandani nikishona viti vya magari,
na Jumapili moja ya Mei mtu aitwaye Ruggero
alinikatia tiketi ya kwenda na kurudi.
Ya kurudi niliitumia peke yangu.
Nakumbuka shuka zikining'inia juu ya vichwa vyetu,
limau lililokatwa, kisu bado kimelowa,
na bahari, kipande tu, mwisho wa kichochoro.
Uso wake umefutika.
Lifti imebaki.

Delfino haulizi tena.
Anachonga penseli kwa kisu cha jibini,
maganda yanadondoka baharini, kwenye buluu ya ramani.
Siku ya pili, asubuhi, anaandika: lifti.
Pembeni, kwa herufi ndogo, akidhani sioni:
aongoze yeye.
Halafu: miavuli miwili. Soksi kavu.
Dawa ya goti, ile ya kupaka, siyo ya vidonge.