Sentimita Arobaini na Moja

Shimo lake lina kina cha mita moja na nusu,
upana wa kumtosha yeye, futi kamba na ndoo.
Ilinca amesimama ndani, kichwa tu kikionekana
juu ya mabua ya alizeti yaliyokatwa.
Apitaye barabara ya Bălți huenda akadhani
msichana anazikwa wima.

Anakwangua ukuta kwa kisu cha jikoni.
Weusi kwanza, weusi wa masizi ya chungu,
halafu kahawia, halafu madoa meupe ya chokaa
kama unga uliomwagika na mtu akaufunika kwa haraka.
Katikati, pete nyeusi: njia ya fuko wa kale
aliyeshuka na udongo wa juu, akausahau huko.
Anafungua kitabu cha rangi, analinganisha,
anaandika kwa penseli, maana wino huogopa mvua:
tabaka jeusi, sentimita arobaini na moja.

Ramani ya mwaka sitini na tatu,
iliyochorwa na watu ambao wengi ni marehemu,
inasema themanini na nane.

Toa. Hata mtoto wa darasa la pili atatoa.
Jibu ni arobaini na saba,
na hiyo arobaini na saba haipo maabara, wala kwenye tanuri
linalokausha sampuli usiku kucha kwa nyuzi mia moja na tano.
Iko bondeni, chini ya matete,
au imeshafika bahari ambayo Ilinca hajawahi kuiona.

Mama yake hupiga simu kutoka Bologna,
anakoogesha wazee wa watu.
"Bado unasoma udongo?"
"Bado."
"Shahada ya uzamili, mwanangu, na bado matope?"
Wanacheka mpaka salio linakwisha.

Rasimu ya sura ya nne inarudi na wino mwekundu.
Profesa Grosu, mwanamke asiyepoteza maneno,
amezungushia duara neno moja tu:
"Shamba lililimwa kufuata mteremko, miaka ishirini na sita."
Pembeni ameuliza: Na nani?

Herufi moja, w, ndogo kama chawa,
na nyuma yake mtu mzima anaweza kujificha,
yeye na trekta lake.

Jumapili anakwenda shambani na babu.
Serafim Crudu, miaka themanini na mmoja,
medali ya dereva hodari ndani ya kabati la vyombo.
Hakuja na hekima yoyote.
Amekuja kwa sababu gari lilikuwa na nafasi.

Kileleni kabisa Ilinca anadondosha tindikali,
tone moja, juu ya ardhi tupu.
Udongo unachemka, unatoa povu, shiii.
"Chokaa," anasema. "Haikupaswa kuwa huku juu."
Babu analitazama povu mpaka linakauka.
"Kulima kwa kushuka kuliokoa dizeli," anasema.
"Na mistari ilinyooka. Walikuja kuipiga picha."
Kisha: "Nishikie kofia."
Anainama, anashika ncha ya futi kamba
bila kuombwa. "Haya, pima."

Siku ya utetezi jopo lina watu watano.
Mmoja anauliza idadi ya sampuli,
mmoja anauliza koma iliyokosewa jedwali la sita.
Hakuna anayegusa ukurasa wa hamsini na mbili,
ambapo w imefutwa na sentensi imesimama kwa miguu yake:
"Alililima Serafim Crudu, babu yangu,
kwa amri, kwa ustadi, bila kuambiwa."

Wanampa tisa kati ya kumi. Ile moja, nadhani, ni koma.

Siku hizi babu akitoka kutembea bondeni
hafuti viatu mlangoni kama zamani.
Anapanda kilima chote, akipumua kwa mdomo,
na kule juu anagonga soli kwa soli
mpaka tope la mwisho linadondoka.
Ilinca hajamwambia kwamba haisaidii kitu.
Alilikusanya mara moja, kwa siri, akalipima:
gramu mia na kumi na mbili.