Sufuria ya Uzi Mwekundu

Chumbani mwangu Sapporo, ghorofa ya tano,
nina sufuria mbili na vijiko vinne.
Yenye uzi mwekundu mpinini ni ya nyama,
yenye uzi wa buluu ni ya maziwa,
na kati yao rafu nzima ya ukimya,
kama mawifi waliokosana arusini.

Siku ya kwanza nilisimama sokoni
mbele ya samaki waliolazwa juu ya barafu,
nikawakagua kama afisa wa forodha:
wewe una mapezi, una magamba, pita.
Pweza, samahani. Kamba, samahani.
Mkunga, hunidanganyi kwa huo mwili wa samaki.
Muuzaji alidhani ni ubahili
akanipunguzia bei.

Nyumbani, Buenos Aires, sikuwahi kuulizwa.
Bucha la mjomba Faivel lilikuwa ng'ambo ya barabara,
na kula kulikuwa kama kupumua.
Nani huhesabu pumzi zake?
Huku nazihesabu.
Nasoma pakiti ya biskuti kwa kamusi,
alama moja baada ya nyingine,
mpaka nikutane na mafuta ya nguruwe
niirudishe rafuni taratibu, kwa heshima,
tumbo likinguruma matusi.

Januari homa ikanilaza siku tatu.
Theluji ilipanda hadi dirishani ikachungulia.
Chizuru wa chumba cha jirani, anayesomea ujenzi wa madaraja,
aliingia bila kubisha, akaenda jikoni, akarudi
na uji wa mchele, maziwa na siagi,
ukifuka moshi
ndani ya uzi mwekundu.

Nilitazama uji. Nikamtazama yeye.
Juu alikuwa amenyunyiza majani ya kitunguu
aliyoyakata membamba mno, kwa subira ya mtu anayeuguza.
Nimwambieje kwamba wema wake
umepita katikati ya ukuta
walioulinda mabibi zangu hata siku za njaa?
Nilisema asante. Nikaweka kijiko chini.
Akaona.

Alipotoka nikampigia rabi Kalmen.
Saa ya kwetu na ya huku mishale yake ni ileile,
ila mmoja ana jua na mwingine ana giza.
Alikuwa anakoroga chai, nilisikia.
Hakuniuliza habari za imani.
"Hiyo sufuria, mara ya mwisho uliipikia lini?"
"Kabla ya homa, rabi. Siku tatu."
Kijiko chake kikanyamaza.
"Basi ladha ya nyama imeshachacha humo. Uji kula.
Sufuria ndiyo ichemshwe.
Na huyo binti usimfiche."

Nilikuwa nimejiandaa kulia. Nikacheka, nikakohoa.
Kumbe homa iliyoniangusha
ndiyo iliyonihalalishia uji!
Niliula umeshapoa, hadi chini,
hadi kijiko kikakwaruza.

Kesho yake nikamweleza, kwa Kijapani changu kinachochechemea:
kuna neno, kosha, halina chuki na chakula cha mtu;
nyama huku, maziwa kule, na nyuzi za kunikumbusha.
Niliogopa ataomba radhi mara mia.
Aliomba mara moja, kisha akauliza
maji yafike nyuzi joto ngapi.

Jumapili tukaijaza sufuria pomoni.
Yafurike, nikasema, yaguse ukingo wote.
Akatoa daftari, akapiga hesabu ya ujazo,
akateremka mto Toyohira, kwenye baridi ile,
akarudi na jiwe la ukubwa wa ngumi.
Tulilipasha mpaka likawaka,
akalitumbukiza kwa koleo,
na maji yakaruka ukingo yakipiga mluzi,
yakalowesha jiko, sakafu, soksi zetu.

Uzi wa zamani ulikatika katika vurugu ile.
Alifunga mwingine, mwekundu vilevile,
kwa fundo walilofundishwa darasani kwao.
Nimejaribu kulifungua nioshe mpini.
Halifunguki.