Mahogani ya Bwana Gaddy

Aliilaza mezani pangu kama mtoto mwenye homa
na kabla sijamaliza kufungua mkoba akaanza kunisomea nasaba:
mwaka hamsini na nane, Irena, mahogani ya Honduras,
kipande kimoja, hakina kiungo,
baba aliinunua kwa mishahara ya miezi mitano,
kiwandani, zamu ya usiku, idara ya milango ya magari.
Kuna mtu Osaka anaitaka. Anataka na hati.
Paa langu linavuja. Iandike hati.

Nikaipima. Kilo mbili na nusu.
Nikanyamaza.
Mahogani ya miaka ile ina uzito wa mtu aliyeshiba;
hii ilikaa mkononi kama mkate.

Nimezifungua nyingi hapa Hamtramck, hita ikikohoa,
theluji ikipanda dirishani. Nazijua kwa pua.
Mahogani hutoa vumbi jekundu, na pilipili kwa mbali.
Meple haina harufu, ina ubishi: patasi hulia.
Na ule mti mwepesi wa vinamasi vya kusini,
uliokua maji yakiwa magotini,
sasa mdudu wa kijani anautafuna msitu kwa msitu,
ndiyo maana wateja huulizia mbao kwanza, sauti baadaye,
na wengine hawafiki kwenye sauti.

Skurubu kumi na moja. Nikainua bamba.
Utomvu ukanipanda puani.

Msonobari.
Msonobari wa kujengea nyumba, vipande vitano,
vimegundishwa na mtu asiye fundi lakini mwenye subira.
Tundu la msumari, limezibwa kwa nta.
Na pale rangi ya cheri haikufika, penseli:
vistari vya kulala, kama ngazi ya sisimizi,
na kando ya kila kimoja herufi na Pasaka yake.
R., 47.
R., 48.
R., 49.
Katikati yake, kwa mkono uleule,
W., 49. W., 50.

Nani asiyejua vistari hivyo huchorwa wapi?
Visigino ukutani. Usijiinue. Kitabu utosini.

Nilikuwa na uongo tayari, mzuri, wa kitaalamu.
Badala yake nikaigeuza taa.

Roscoe Gaddy akavaa miwani. Akasoma kwa kidole.
Nyumba yao, najua, ilibomolewa kupisha barabara kuu,
mtaa mzima, kanisa, kinyozi, duka la samaki;
mengine nayakisia tu: mtu na mtaimbo wake, usiku,
aking'oa fremu ya mlango kabla buldoza halijaamka.
Kidole kikapita W. ya pili, kikaendelea kupanda,
upana wa vidole viwili, vinne,
juu ya mbao safi isiyoandikwa kitu,
hadi ukingoni, msumeno ulipopita.

"Alituambia mahogani," akasema.
Kisha, baada ya muda, "Alituambia tusiikune."

Nikauliza niandike nini kwa ajili ya Osaka.
"Waya umelegea," akasema. "Nimeleta waya."

Wenzangu hubishana hadi chai ipoe
kama mbao ina neno lolote penye umeme.
Sumaku, wanasema, husikia chuma tu;
ungeweza kufunga nyuzi zako kwenye meza ya jikoni.
Huenda. Sijawahi kushinda ubishi huo,
wala siku hiyo sikuushinda.
Nililehemu waya, nikarudisha bamba, skurubu kumi,
ya kumi na moja akaishika mwenyewe mkononi.
Nikawasha amplifaya.
Akapiga uzi mmoja, ule mnene, bila kuubana popote,
akasubiri ufe wenyewe. Ulichukua muda.
Hita ikaacha kukohoa, au sikuisikia.
Akaupiga tena.

Nilimtoza dola kumi na tano, za waya.
Skurubu hakuirudisha.