Theluji ya Katwe

Mwaka ule mvua ya Novemba haikujua kuaga.
Iliingia mabwawani mwetu bila hodi,
ikayeyusha chumvi yote, hata ile ya ukingoni,
na baba akarudi kutoka sokoni na gunia tupu
alilolikunja vizuri sana, kona kwa kona,
kana kwamba kulikunja kungelijaza.

Thembo alikuwa na miaka minne, Ithungu sita.
Krismasi waliijua kwa kalenda ya duka la Nzanzu:
nyumba ya mbao, paa jeupe pe,
mtoto wa kofia amefungua kinywa anadaka theluji.
"Kwetu itaanguka lini?"
Mama alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso.
Akaonyesha kwa kidevu upande wa Ruwenzori,
mawingu yalikolala:
"Iko kule juu. Inangoja mlale."

Mimi nilikuwa na kumi na mbili.
Nilishajua nani hununua peremende za mkesha,
nani huzifunga kwa karatasi za daftari langu la hesabu.
Nilijua, na kujua kukawa kunaniwasha
kama mguu wenye mchubuko ndani ya bwawa.

Mkesha: tawi la mgunga kwenye kopo la rangi,
baluni nne. Miba ilikula mbili kabla hatujasali.
Wadogo walipokoroma, mama alinifinya sikio.
"Shika taa. Usikohoe."
Akavuta kifuko kutoka chini ya kitanda,
chumvi ya daraja la kwanza, ya mwisho,
ile aliyomwambia baba imeshauzwa.
Tukainyunyiza kizingitini, juu ya mafiga,
kwenye mfuniko wa ndoo, uani kote.
Mkono wake ulikuwa mwepesi kama wa mtu anayelisha vifaranga.
"Mama, je, wakionja?"
"Waache waonje."

Thembo alikuwa wa kwanza kutoka.
Alisimama mlangoni, pumzi imemkwama,
kisha akapiga magoti, akachovya kidole, akalamba.
Uso ukamkunjamana wote.
"Mama. Mbona theluji ina chumvi?"
Baba alikuwa anafunga kamba za viatu. Akaziacha.
Nikasema moyoni, leo tumekwisha.
"Imeshuka kwa miguu toka mlimani mpaka hapa,"
mama akajibu. "Hata wewe ungetoka jasho."
Thembo akafikiri. Akakubali. Akalamba tena.

Lakini Ithungu alikuwa ameinama kando ya ndoo.
"Na huyu aliyeileta, ni nani?"

Tukaenda kutazama.
Katikati ya weupe wetu kulikuwa na nyayo
pana kama sahani za sikukuu, vidole vinne vinne,
zimepita kati ya mafiga na kamba ya nguo.
Aliyepita hakuangusha hata sufuria.
Kisha zikashuka kuelekea ziwa kubwa.

Kiboko. Nani Katwe asiyemjua kiboko?
Hutoka usiku, hula nyasi za uwanja wa shule,
hurudi majini kabla ya adhana.
Neno lilikuwa limeshafika ulimini, nilitaka kulitema.
Nikamtazama mama.
Kiganja mdomoni, macho yamemtoka,
alikuwa na miaka minne.
Hili hakulipanga.

Baba alichuchumaa, akaupima unyayo kwa shubiri yake,
akaokota chembe, akaisugua kati ya vidole.
Anaijua chumvi yetu hata gizani.
Akamtazama mama, muda mrefu.
Tukangoja.
"Mzito huyu," akasema hatimaye.
"Lazima alikuwa amebeba mengi."

Jioni niliifagia theluji, mchanga na vyote,
tukaipikia maharage mpaka Februari.
Kila tonge lilisaga meno kidogo.
Baba alikula, akakomba sahani, hakuuliza kitu.
Thembo aliapa kwamba anausikia mlima.