Vilivyoanguka

Gurudumu kubwa walilikata kwa siku tatu,
kwa moto wa gesi, kipande kwa kipande,
wakalipima kwa kilo kama viazi vya Molo.
Nilikuwa kibandani mwangu na kitabu cha tiketi
ambacho kurasa zake hazijaisha.
"Mama Nyaboke, nawe tukupime?" akauliza kijana wa mizani.
Nikamwambia, mimi uzito wangu ni maneno, hutaniweza.

Miaka kumi na tisa nilikaa chini yake.
Wengine walipanda wakaiona Menengai imeachama,
wakaliona ziwa, na mapaa ya maghala,
na reli ikipita katikati ya Nakuru kama mshono wa godoro.
Mimi sikupanda hata siku moja.
Mimi niliona vilivyoanguka.

Sarafu, kwanza. Sarafu zilinyesha
Pasaka, Krismasi, na wiki ya maonyesho,
wakulima wa Njoro wakija na pesa za ngano mifukoni.
Kisha funguo za trekta. Rozari.
Kiatu kimoja cha kushoto, kisichoulizwa hadi leo.
Meno ya bandia ya mzee Gichamba,
yaliyotua ndani ya sufuria ya mahindi
yakiwa bado yanacheka.
Na pete, kabla msichana hajasema ndiyo.
Nilimrudishia kijana. Jibu silijui;
walishuka kila mmoja ameshika tumbo lake.

Na mayowe, hayo hayakuokotwa.
Mtu analipa mia mbili aogopeshwe!
Ila Januari ile, mji ulipofuka moshi,
gurudumu lilisimama wiki saba.
Hakuna aliyekuja kununua hofu.

Sasa tajiri anasema: bima. Anasema: stima.
Anasema vipuri vinatoka mbali kuliko mwezi.
Ameleta treni ya mabehewa matano, nyekundu kama nyanya,
inayozunguka mpera mmoja,
na vikombe vitatu vya kukalia, vivivu.
Kimosop, aliyekuwa akishika breki ile
kama mtu aliyekamata pembe za fahali,
anaendesha kwa kidole.
Wiki ya kwanza alivuta kofia hadi kwenye nyusi
mkewe asije akapita njiani akamwona.

Nami nilingoja kianguke kitu.
Jioni nafagia: maganda ya njugu.
Kesho yake, maganda ya njugu.

Jumapili akaja bibi mmoja, Trufosa, na mjukuu.
"Hii inaruka?"
Hairuki.
"Inapinduka?"
Mama, hii haimwagi hata chai.
Akakaa behewa la nyuma, mkoba mapajani,
fimbo ameisimamisha kama bendera.
Mjukuu alisinzia mzunguko wa pili.
Yeye, kila alipofika kibandani kwangu,
alinisalimu upya, kama mgeni aliyetoka safari:
"Habari za hapa?"
Njema. Za huko?
"Huko kuzuri. Mvua imenyesha."
Mara sita. Kimosop akaongeza ya saba, bila tiketi,
na kofia, nikaona, imerudi nyuma ya kichwa.

Mzunguko ule wa saba bibi alinyoosha mkono kwenye mpera,
akachuma, na alipopita
akaniwekea pera kiganjani, taratibu,
kama mtu anayerudisha chenji.

Lilikuwa bichi.
Nililila hivyo hivyo, na chumvi kidogo,
huku nikitazama juu, kwa mazoea.